Tone la Oili na Amana ya Muuzaji

Kila nilipotoka kwenda kuswali Alfajiri, nililiona doa jeusi chini ya pikipiki yangu, pale uani katika nyumba tunayoishi pamoja na wapangaji wenzetu hapa Kariakoo. Mke wangu aliweka kipande cha boksi chini ya injini, kwa kuwa bibi wa chumba cha mbele hupita hapo kwenda kutia udhu, naye alichelea asije akateleza. Nami sikuwa na jibu ila moja: ni tone tu.

Ulipowadia wakati wa ada za watoto, niliazimia kuiuza. Aliyeitaka ni kijana wa msikitini kwetu, mwenye mke na mtoto mchanga, aliyekusudia kuifanyia kazi ya bodaboda. Hakuuliza mengi. Alisema, "Ustadhi, maadamu ni yako, mimi sina shaka."

Fundi mmoja alinishauri niioshe injini kwa mafuta ya taa, nipake silikoni kwenye maungio, kisha niiuze siku hiyo hiyo, kwani ingekaa kavu kwa siku kadhaa. Nilikubali.

Jioni ile ilikuwa zamu yangu kusoma darsa baina ya Magharibi na Isha, na somo lilikuwa biashara. Nikaifikia Hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Hadithi hiyo niliihifadhi tangu chuoni. Usiku ule niliisoma hali kijana yule ameketi safu ya pili, na ulimi ukawa mzito.

Asubuhi nilimwita, nikamweleza yote, pamoja na ule ushauri nilioukubali. Tukaenda pamoja Gerezani kwa fundi mwingine, mtu mzima.

Mzee yule hakuanza na spana. Aliiosha injini, akaikausha, akainyunyizia poda ya watoto, kisha akaiwasha tukangoja. Alitufahamisha kuwa oili huteremka na hupeperushwa na upepo, kwa hiyo panapodondoka huenda sipo panapovuja. Mimi nilikuwa nikiituhumu nati ya kumwagia oili, na nimeikaza mara nyingi. Akanionya kuwa sehemu ile ni ya aluminiamu, na nati ikikazwa kupita kiasi hesi hukatika, uvujaji mdogo ukawa mkubwa. Ama silikoni, alisema, ikizidishwa vipande vyake huweza kumeguka ndani na kuziba njia za oili.

Poda ilianza kulowa nyuma ya sproketi ndogo. Sili ya shafti ilikuwa imechakaa, na mnyororo nilioukaza mno ulikuwa ukiivuta shafti hiyo na kuiumiza sili. Alipoipima oili, ilikuwa chini ya alama. Injini ndogo kama ile hubeba lita moja hivi, na haina rejeta. Oili ndiyo inayolainisha vyuma na kusaidia kuvipoza. Kijana angeendesha kutwa juani pasi na kujua kuwa inapungua, mpaka pistoni ikwame na riziki ya mtoto wake isimame. Na kama uvujaji ungezidi ukafika kwenye tairi la nyuma, angeweza kuanguka na abiria wake.

Sili ile haikufikia bei ya kilo moja ya nyama. Niliilipia mimi, pamoja na oili mpya na ujira wa fundi. Mnyororo ukalegezwa kwa kipimo chake.

Kijana aliinunua. Kabla ya kuondoka aliniuliza kwa adabu, "Ustadhi, lau jana kusingekuwa na darsa, ungeniambia?" Nilinyamaza. Ningesema ndiyo, ningeongeza uongo juu ya hila.

Ndugu zangu, mwenye pikipiki aweke boksi chini yake usiku na alitazame asubuhi. Aipime oili kila wiki, injini ikiwa imezimwa na pikipiki imesimama wima mahali tambarare. Akiona tone, atafute linakotoka badala ya kulifuta. Na anapouza, aitaje kasoro kabla hajaulizwa, kwani sheria yetu imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake. Bali walio wengi hawatarudi kudai. Watanyamaza, kisha watakapotuona tumeshika kitabu mbele yao, watakumbuka tulichowauzia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuyatenda yale tunayowasomea wenzetu. Amin.