Bomu Liko kwa Bibi



Ilikuwa saa saba ya usiku, mwezi wa Muharram, tulipoamshwa na sauti ya mwanetu mkubwa kutoka chumbani kwake. Hakuwa akiweweseka. Alikuwa akisema kwa haraka na kwa yakini, kama mtu anayetoa amri: "Bomu nimeshaliweka kwa Bibi! Lindeni uchochoro, wanakuja!"

Tulitazamana gizani. Bibi yake, mama mzazi wa mmoja wetu na mama mkwe wa mwingine, alikwisha kurejea kwa Mola wake miaka 6 iliyopita. Tulipofungua mlango tukamkuta kijana amevaa hedfoni, amekikodolea macho kioo cha kompyuta, na mle ndani watu wenye bunduki wanakimbizana katika mji wa rangi ya mchanga. Hofu yetu ikageuka hasira. Tulichomoa waya, tukaichukua kompyuta na kuifungia kabatini. Asubuhi yake aliamka jua limekwisha kuchomoza na swala ya Alfajiri imempita. Tukaona kwamba hukumu yetu imethibitika.

Mwanetu ana miaka 18, naye wakati huo alikuwa akisubiri matokeo ya kidato cha sita. Hakubishana nasi. Alinyamaza. Kwa siku 9 tulipata kwake "shikamoo" ya asubuhi na "naam" ya kuitikia, basi. Alikula, akaswali, akarudi chumbani. Aliye na kijana wa umri huo anajua kwamba kelele zao hazitishi kama ukimya wao. Tulianza kuhisi kwamba kompyuta tumeifungia kabatini, lakini mtoto ndiye aliyetoka nje ya nyumba.

Tulimwendea ustadhi wetu baada ya swala ya Isha, tukitaraji atatuunga mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mchezo wenyewe mmeuona?" Tukasema tumeuona usiku ule, kwa muda mfupi. Akasema: "Basi mmeuona kama mpita njia anavyouona mji. Nendeni mkakae humo kidogo, kisha mje tuzungumze." Tulirudi nyumbani tumeinamisha vichwa.

Jioni iliyofuata tuliitoa kompyuta, tukamwambia mwanetu: "Tufundishe." Alidhani ni mtego. Ilimchukua muda kuamini.

Mchezo huo ni Counter-Strike. Ulianza mwaka 1999, na toleo lake la sasa lilitoka mwaka 2023. Vikosi viwili vya watu watano watano vinapambana. Kimoja kinajaribu kutega bomu katika moja ya vituo viwili, A au B. Kingine kinavilinda vituo hivyo. Bomu likishategwa hubaki sekunde 40 lilipuke, na kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 kwa aliyenunua vifaa. Mwanetu hakuanza na bunduki. "Kwanza ramani," alisema. "Asiyeijua ramani hufa hata kama ana shabaha."

Ramani aliyotufundisha inaitwa Dust II, kazi ya Mwingereza David Johnston, ya mwaka 2001. Ni mji mdogo wenye kuta za udongo, matao na milango mikubwa ya mbao, mfano wa miji ya Afrika Kaskazini. Jioni tatu nzima hatukufyatua hata risasi moja. Alituingiza katika mji mtupu, usio na adui, akatutembeza kama mwenyeji anavyomtembeza mgeni. Hii ni njia ndefu ya kuendea A. Hapa ni katikati, usipite bila kutazama mlango ule, maana kuna anayeweza kukuona kutoka mbali nawe humwoni. Hili ni handaki lenye giza la kuendea B. Ukikimbia, hatua zako husikika. Ukitembea polepole, hazisikiki. Hapa rusha bomu la moshi, pale simama na mgongo ukutani.

Mmoja wetu, yule ambaye kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kuendesha gari, alipotea kila mara. Mwingine, ambaye kwa kawaida hutumwa sokoni akarudi na kila kitu bila ya orodha, aliishika ramani nzima jioni ya pili. Mwanetu alicheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko chake tangu usiku ule.

Tulielewa pia kwa nini walikuwa wakipiga kelele. Katika kikosi cha watu watano, kila mmoja huona pembe moja tu ya mji. Anachokiona mmoja hakiwafai wenzake mpaka akitaje mahali pake kwa jina, kwa neno moja au mawili, kabla sekunde haijapita. Ndiyo maana kila kona ina jina, na kila jina lazima lijulikane kwa wote watano. Anayejua jina akalinyamazia amewasaliti wenzake. Anayetaja jina lisilo sahihi amewaangamiza.

Hatuandiki haya ili kuusifu mchezo. Yapo yaliyotukera, nasi tuliyasema. Tulimwuliza: kwa nini mji unaofanana na miji ya Waislamu ndio uwe uwanja wa wategaji mabomu? Alitueleza kwamba zipo ramani nyingine, moja ina sura ya kijiji cha Italia na nyingine ni kinu cha nyuklia, na kwamba baada ya raundi 12 vikosi hubadilishana, aliyekuwa akitega akawa mteguaji. Jibu lake ni la haki, lakini halikutumaliza kiu. Picha inayorudiwa mara elfu huacha alama moyoni mwa anayeitazama. Tukamkumbusha kwamba mwaka 2021 kampuni ya Activision iliomba radhi baada ya kurasa za Qur'ani kuonekana zimetapakaa sakafuni katika mchezo wake mwingine wa vita, ikaziondoa. Waliosababisha ziondolewe ni wachezaji Waislamu waliokuwa na macho na wakasema. "Nawe ukicheza," tulimwambia, "usicheze umefumba macho."

La pili lilikuwa masanduku. Ndani ya mchezo huu mna masanduku ambayo mchezaji hununua ufunguo kwa fedha halisi ili ayafungue, asijue atapata rangi ya bunduki yenye thamani kubwa au kitu kisicho na thamani. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari, na mchezo huu ulikuwa miongoni mwa iliyotajwa. Ikiwa wao wameliona hilo kwa sheria zao, sisi tusilione? Mwanetu alikiri kwamba aliwahi kufungua mawili kwa fedha ya Idi. Hatukumgombeza. Aliahidi kuacha, nasi tumemwamini.

La tatu lilitugeukia wenyewe. Tulizoea kumwita akiwa katikati ya mchezo: "Zima sasa hivi, kumeadhiniwa!" Hakuzima, nasi tukasema amekuwa mkaidi. Sasa tukajifunza kwamba mchezo wa mashindano hausimamishwi. Mshindi ni atakayetangulia kufikisha raundi 13, na huweza kuchukua dakika 40 au zaidi. Anayetoka kabla huwaacha wenzake wanne wakiwa pungufu, naye huadhibiwa kwa kuzuiwa kucheza, na adhabu huongezeka akirudia. Swala haina mshindani, na hilo halina mjadala. Lakini kosa lilikuwa limefanyika kabla ya adhana, pale alipoanza mchezo akijua kwamba Magharibi imekaribia. Tulikuwa tukipigana naye mlangoni ilhali kosa liliingilia uani. Tukakubaliana: hakuna mchezo unaoanza ikiwa imebaki saa moja kabla ya adhana, na hakuna mchezo unaoanza baada ya saa nne za usiku. Mdogo wake mwenye miaka 11 hatacheza kabisa.

Lilibaki swali moja, ambalo tuliliogopa. Jioni ya tatu tukiwa tumesimama ndani ya kituo B, mmoja wetu aliuliza: "Kwa nini mnapaita kwa Bibi?"

Mwanetu alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Tazameni."

Tulitazama. Unapita njia nyembamba yenye giza, unatokea ghafla kwenye uwanja uliozungukwa na kuta pande zote, wenye mwanga. Ndivyo hasa ulivyokuwa uchochoro wa nyuma ya nyumba ya marehemu huko Ngamiani, Tanga. Mtoto akitoka mtaani jua kali, anapita penye giza kati ya kuta mbili, kisha anaingia uani, na Bibi yuko pale kwenye mkeka anachambua mchele.

"Na A?" tuliuliza.

"A ni kwa Ami."

Hapo tulijua. Ami yake, ndugu wa pekee wa mmoja wetu, anaishi Muscat. Mama alipofariki alitaka nyumba iuzwe na kila mmoja achukue fungu lake. Sisi tulitaka ibaki. Maneno yalisemwa ambayo hayakupaswa kusemwa juu ya kaburi ambalo bado udongo wake ulikuwa mbichi. Nyumba imefungwa tangu hapo, na simu zetu nazo zimefungwa. Miaka 6 hatukupeana hata salamu ya Idi. Lakini mwanawe na mwanetu, waliokuwa wakicheza pamoja katika uchochoro ule kila likizo, walitafutana wakapatana. Hukutana kwenye seva ya Dubai, mmoja akiwa Tanga na mwingine Muscat, na majina ya kona za ramani wakayatoa katika nyumba tuliyoigombania.

"Mbona hukutuambia?" tulimwuliza.

"Mngenikataza," alisema. Hatukuwa na la kumjibu.

Tunaswali, tunafunga, tunawafundisha watoto wetu kwamba kuunga udugu ni wajibu na kuukata ni dhambi kubwa. Kumbe waliokuwa wakiutekeleza wajibu huo usiku wa manane, wakiwa na hedfoni masikioni, ni wale tuliowaona wamepotea. Sisi ndio tulioacha kona zetu bila mlinzi, tukajua mahali pa kumfikia ndugu yetu na tusimwite.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala ya Alasiri, tulimwomba mwanetu atuvishe hedfoni. Upande wa pili sauti ya kijana, ambayo tuliiacha ikiwa ya kitoto, ilisema: "Shikamoo ba'mkubwa, shikamoo mama." Tukaitikia marahaba, kisha tukamwomba amwite baba yake.

Suala la nyumba halijamalizika. Tumekubaliana kumwita shekhe anayeijua elimu ya mirathi atuamue, na kila upande umeahidi kuridhika na uamuzi wake. Huenda nyumba ikauzwa. Lakini ufunguo umetolewa, milango imefunguliwa ili hewa ipite, na ndugu yetu ameahidi kuja Rajab, inshaallah.

Mwanetu bado anacheza, mara mbili kwa juma, kwa masharti tuliyoyataja. Mmoja wetu bado hupotea njia ya katikati. Wazazi wenzetu, hatuwaambii muwanunulie watoto wenu mchezo huu, wala muwanyang'anye. Tunasema tu kwamba mchungaji asiyejua malisho yalipo hawezi kusema kundi lake limepotea. Kaeni nao jioni moja, waulize majina ya kona zao, na msikilize vizuri wanayataja kwa ajili ya nani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, aziunganishe nyoyo za ndugu waliofarakana, na amrehemu Bibi na waliotutangulia wote. Amin.