Chupa ya Chini ya Kitanda

Msomaji, usinicheke. Kwa miaka kumi na moja nililala juu ya chupa moja ya mvinyo nikiamini nalalia dhahabu.

Niliinunua Bordeaux, Ufaransa, mwaka 2011, nilipokwenda kusoma huko. Katika kiduka karibu na Place de la Victoire, mzee mmoja alinionyesha mvinyo mwekundu wa mwaka 2009. Bei yuro 6. "Huo ulikuwa mwaka mzuri," akaniambia. Kweli, mwaka ule zabibu ziliiva vizuri. Lakini mimi nikasikia langu: eti mvinyo, kadiri unavyokaa, ndivyo unavyozidi utamu. Basi nikailaza chupa chini ya kitanda, gizani. Nikaapa kuifungua siku nitakapokata tiketi ya kurudi Moshi.

Masomo yakaisha, kazi ikapatikana. Kila Desemba nikawa nasema: mwakani.

Mwaka 2022 Dada alichoka kunisubiri, akaja mwenyewe. Usiku huohuo nikaitoa chupa kwa mbwembwe. Nikainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, kama wafanyavyo wenyeji. Mvinyo mchanga ukingo wake huwa wa zambarau. Wangu ulikuwa rangi ya matofali, karibu na chai. Nikanusa: majani makavu, na kwa mbali siki. Nikaonja. Tunda hakuna, ukakasi hakuna. Uchachu mtupu.

Dada akaweka glasi chini. "Mdogo wangu, hii imekufa. Hivi mbege ungeificha miaka kumi na moja?"

Tukacheka sana. Kisha akauliza, taratibu: "Na Mama je? Naye unamweka mpaka lini?"

Sikuwa na jibu.

Kesho yake tulirudi kwenye kile kiduka. Yule mzee hayupo tena, tulimkuta binti. Akatueleza bila dharau. Mvinyo wa kuwekwa ni ule wa mashamba makubwa, kama yale ya Médoc yaliyopangwa madaraja matano mwaka 1855. Zabibu yao kuu ni Cabernet Sauvignon, yenye ukakasi mwingi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo ndio unaoubeba mvinyo miaka ishirini na zaidi, ukilainika polepole. Mvinyo wa bei ndogo, ambao mara nyingi ni Merlot, hutengenezwa unywewe mapema, miaka mitatu, minne, mitano hivi. "Haukuwa mbaya," akasema. "Ulichelewa wewe."

Tukanunua mwingine, wa Blaye, kando ya mto Gironde, wa mwaka 2019. Yuro 7. Tukaufungua saa moja kabla ya kula, upate hewa. Jamani! Zambarau iliyoiva, ukakasi kidogo tu, na nyama ya kuchoma pembeni. Chupa iliisha tukiwa bado tunamzungumza Mama.

Wazee walisema mvumilivu hula mbivu. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Zamani nilidhani wanajipinga. Kumbe walitaka kwanza ujue umeshika chupa gani.

Tiketi nilikata wiki ileile. Mama alinipokea getini. Mkononi alikuwa na fimbo ambayo sikuwahi kumwona nayo.