Chiellini, Jordi Alba na Mtani Wangu



Kila zikikaribia mechi kubwa, ile video inarudi kwenye simu zetu. Mnaijua. Wembley, tarehe 6 Julai 2021, nusu fainali ya Euro 2020, ile iliyosogezwa mwaka mzima kwa sababu ya korona. Italia na Hispania wamemaliza dakika 120 wakiwa 1-1. Chiesa kafunga dakika ya 60, Morata kasawazisha dakika ya 80. Sasa ni matuta. Refa Mjerumani, Felix Brych, anawaita makapteni warushe shilingi. Anakuja Giorgio Chiellini, miaka 36, jitu la mita 1.87. Anakuja Jordi Alba, mita 1.70. Na lile jitu linacheka! Wanabishana kidogo nani kashinda shilingi, Chiellini anamsukuma kwa utani, anamkumbatia, anamnyanyua juu kama mtoto aliyerudi na ripoti nzuri ya shule. Alba anatabasamu kama mtu asiyejua mikono aiweke wapi.

Hapa kambini wengi wetu hatukuiona usiku ule. Kwa saa zetu mechi ilianza saa nne usiku na penalti zilipigwa baada ya saa sita na nusu, banda la video limeshafungwa zamani. Tuliiona kesho yake kwenye simu ya jamaa mmoja aliyekuwa na bando, tumejazana kama siku ya mgao. Magoli tuliyaangalia mara moja. Pale pa Chiellini tulirudia mpaka chaji ikaisha.

Ubishi wake haujaisha hadi leo. Wengine wanasema ile haikuwa furaha, ni ujanja, alimmaliza Alba kichwani kabla hata mpira haujawekwa kwenye nukta. Ushahidi wao ni matokeo: Italia 4, Hispania 2. Haya, tuhesabu pamoja. Mkwaju wa kwanza wa Italia aliupiga Locatelli, Unai Simón akaupangua. Kama kicheko kilikuwa dawa, basi ilichelewa kufanya kazi. Olmo akapaisha juu. Baadaye Donnarumma akapangua wa Morata, Morata yuleyule aliyesawazisha, na Jorginho akamaliza kazi. Alba mwenyewe hakupiga hata mmoja! Sasa huyo aliyemalizwa kichwani alikosa nini?

Lakini pia msinifanyie Chiellini mtakatifu. Siku tano tu baadaye, kwenye fainali, ndiye aliyemvuta Saka kola ya jezi mpaka dogo akaanguka, akala kadi ya njano. Alikuwa anautaka ushindi kwa meno na kucha. Mimi hapo ndipo ananigusa. Mtu asiyejali akicheka si habari. Huyu alikuwa anajali kupita kiasi, na bado alimwona mwenzake aliyesimama mbele yake.

Watanzania wana neno la jambo hili. Simba na Yanga wanawaita watani wa jadi. Nilipofika hapa Kigoma nikiwa mtoto, natoka Kivu Kusini, neno hilo lilinishangaza, maana kule mtu tuliyemwogopa hatukumtania, tulimkimbia. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyenieleza. Alisema mtani anakuja hadi msibani kwako, anakutania wewe mfiwa, na hakuna anayekasirika. Adui hana ruhusa hiyo.

Mimi najitolea kwenye michezo ya vijana. Kuchora mistari ya uwanja kwa majivu, kutunza mipira, kuandika majina, kutuliza watu. Pia ni beki. Kwenye ligi yetu tulikuwa na mtani mmoja mkubwa, timu ya Warundi wa zoni ya jirani. Kapteni wao alikuwa beki wa kushoto, mfupi, ana mbio za ajabu. Kila mechi alinikuta katikati na swali lilelile: "Shemeji, leo mmevaa vizuri hivi, mnakuja kucheza au mnaenda harusini?" Si mnajua sisi Wakongo na nguo. Na mimi namjibu: "Ninyi na maharage yote hayo tumboni, mtakimbiaje?" Tunacheka, halafu tunapigana viatu dakika tisini.

Mwaka mmoja tulifika matuta na wao. Tukacheka vilevile kwenye shilingi, tukafungwa. Kabla jua halijazama ikawa nimeuza mechi. Vijana wakaja mpaka mlangoni kwa mama kuuliza nimelipwa shilingi ngapi. Ukapteni nikanyang'anywa. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniita pembeni: "Mwanangu, unacheka na watu hao, unajua sisi tulikimbia nini?" Najua, mzee. Lakini yeye naye alikimbia, 2015, na aliyemkimbiza yeye siye aliyetukimbiza sisi.

Kisha ikaja semina. Afisa wa shirika moja, simtaji, akatuambia kuanzia sasa ni marufuku kutaniana kwa mataifa uwanjani, utani unaleta migogoro. Tukapewa fulana zenye neno AMANI, tukapigwa picha tumeshikana mikono. Ziangalieni zile picha, hakuna hata mmoja anayecheka. Sisemi afisa hakuwa na sababu. Kwenye nchi tulizotoka, mengi yalianza kwa maneno ambayo watu walisema ni mzaha tu. Ila mimi nina kipimo changu: je, yule mwingine anaweza kujibu? Nikimwambia maharage naye akanirudishia harusi, tuko sawa. Akinyamaza na kuangalia chini, hapo nimetukana, hata kama wenzangu wanavunjika mbavu. Hebu mwangalieni Alba tena. Ananyanyuliwa, ndiyo, lakini hakimbii, na kabla ya hapo alishabishana na lile jitu. Na miaka miwili baadaye, Juni 2023, Hispania ikashinda Ligi ya Mataifa kwa penalti dhidi ya Kroatia, na kapteni aliyeinua kombe alikuwa huyohuyo mfupi. Nilifurahi kama ndugu yangu.

Chiellini alistaafu 2023. Alba naye 2025. Wanaoililia ile video mara nyingi husema mpira wa sasa umekauka, kila mtu anaziba mdomo akiongea, hakuna cha kucheka. Labda. Kwetu sisi kilichokauka ni kingine. Mwaka 2017 mabasi yalianza kuwarudisha Warundi kwao, na timu ya jirani ikawa inapungua, leo winga, kesho kipa. Mechi ya mwisho walikuja tisa, tukawaazima wawili wetu. Kapteni alikuwa ameshaondoka na familia yake siku ya Jumanne, niko shuleni nahesabu mipira, sikumuaga. Ile mechi tulishinda sita. Hakuna aliyeshangilia.

Mwezi uliopita iliingia namba ngeni ya Burundi, ujumbe wa sauti, sekunde nne. "Shemeji, bado mnavaa vizuri?" Nyuma yake nasikia kuku na watoto. Nikamuuliza na mimi kama maharage yameiva. Mpaka leo naona tiki moja tu.