Wingu, Ndiva na Daftari la Kodi

Neno kodi hubeba mizigo miwili katika Kiswahili. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi. Raia huilipa serikali kodi. Katika maana zote mbili yupo anayelipa na yupo anayeshika daftari, na aghalabu mwenye daftari ndiye mwenye kauli. Ndiyo maana hesabu za kodi ya biashara yangu ndogo ya mchele, hapa Ndungu, naziandaa kwenye kompyuta ya mezani, kwa programu iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Si kwenye simu, wala katika kile tunachokiita wingu. Vijana huniambia kuwa nimepitwa na wakati. Huenda ni kweli, lakini sababu ninazo.

Ya kwanza imo katika vitenzi viwili: kukadiria na kuhesabu. Mfanyabiashara mdogo nchini mwetu hutozwa kwa mujibu wa mauzo yake ya mwaka, na sheria humtenga mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 4 lakini yasiyopita milioni 7 hulipa shilingi 100,000 iwapo hana kumbukumbu. Akiwa nazo, hulipa asilimia 3 ya kile tu kinachozidi milioni 4. Aliyeuza kwa milioni 6, basi, atalipa 60,000. Zile 40,000 zinazobaki mfukoni ni bei ya daftari. Asiyehesabu hukadiriwa, na kukadiriwa ni kusemewa.

Wapare tunalijua jambo hili kwa historia. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka hadi Same kuipinga mbiru, kodi ya kikoloni iliyopangwa kupanda na kushuka kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Profesa Isaria Kimambo aliandika juu ya mgogoro huo, uliodumu kwa muda mrefu hadi utaratibu ule ukaachwa. Mimi nikiusoma, naona kwamba suala halikuwa shilingi peke yake. Suala lilikuwa pia: ni nani atakayeingia katika boma la mtu, aitazame mifugo na migomba yake, kisha atoke na tarakimu ambayo mwenye boma hakuiandika?

Sababu ya pili wataielewa washairi. Anayetunga shairi la vipande vinne hupenda kuuona ubeti mzima kwa mtazamo mmoja: ukwapi, utao, mwandamizi na ukingo, vina vikiwa vimesimama wima kama nguzo. Ukimpa ukurasa unaoonyesha kipande kimoja tu, atapoteza mizani. Hesabu nazo ni hivyo hivyo. Katika kioo cha simu naona tarehe bila kiasi, au kiasi bila jina la mnunuzi. Kidole kikiteleza, tarakimu imebadilika na sina habari. Katika kioo kipana naona mwezi mzima: magunia yaliyoingia, yaliyotoka, ushuru, usafiri, na mwishoni jumla. Si bure kwamba mizani ya mshairi na mizania ya mhasibu ni maneno ya ukoo mmoja.

Tena kompyuta hiyo inaweza kusema Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizovikwa Kiswahili. Maneno kama lahajedwali, yaani laha ya karatasi iliyooana na jedwali, yanatukumbusha kwamba lugha yetu haikushindwa kukaa mezani pamoja na hesabu.

Sababu ya tatu ni wingu lenyewe. Sisi wa tambarare tunayajua mawingu: hutua milimani juu yetu, nasi tukabaki na vumbi. Mpunga wa Ndungu haulimwi kwa kutazama mbingu. Hulimwa kwa maji ya mfereji. Wazee wa milimani walichimba ndiva, bwawa la kukusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu. Wingu hupita, bali ndiva hubaki, na mwenye zamu anajulikana. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Siwezi kuikabidhi miaka 5 kwa kampuni ya mbali, inayoweza kupandisha ada au kufunga huduma, wala kwa nywila ambayo mtandao ukikatika haifungui kitu.

Sidai kwamba meza haina hila. Umeme hukatika, mashine huibwa, vumbi huziba feni. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi natoa nakala mbili: moja katika flashi inayolala nyumba nyingine, moja katika karatasi. Wala siukatai mtandao. Taarifa huwasilishwa Mamlaka ya Mapato kwa mtandao, na malipo nayafanya kwa simu kama kila mtu. Ninachotenganisha ni kuandaa na kuwasilisha. Barua huandikwa nyumbani, ndipo hupelekwa posta.

Mwisho, nawauliza wapenzi wa lugha: je, wingu ni jina la haki? Linatufanya tudhani kwamba kumbukumbu zetu zinaelea juu, si mali ya yeyote, ilhali zimo ndani ya mashine za mtu, katika jengo lenye mlango na kufuli. Lingeitwa ghala la mtu mwingine, nadhani wengi wangeuliza kwanza ufunguo anao nani.