Jogoo Kwenye Tangi



Leo sina mahubiri ya kukupa. Nina pikipiki ndogo ya mbao hapa mezani kwangu Kitui, na nina jambo ambalo nimelificha tangu mwaka 1998. Ukipata nafasi, fungua Luka 19, usome habari za Zakayo taratibu, halafu urudi hapa.

Pikipiki hii ni nakala ya BSA Bantam, ile ya kwanza iliyoanza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Wewe uliyezoea boda boda za siku hizi ungeicheka. Injini yake haikufika hata cc 125, gia zilikuwa tatu tu, na petroli ulichanganya na oili humo humo ndani ya tangi, ndiyo maana ilipita ikiacha moshi na harufu yake. Baba yangu aliinunua mwaka 1974 kwa afisa wa kilimo aliyekuwa anastaafu. Baba alikuwa mwinjilisti. Aliiendesha kutoka Wote hadi Kathonzweni, akashuka mpaka Makindu, Biblia imefungwa nyuma kwa mpira. Haikuwa na betri ya taa. Taa ilikula moto wa injini moja kwa moja, kwa hiyo akishuka korongo polepole usiku, mwanga ulififia, na ilimbidi avute mafuta ndipo aone njia. Wazee wa kwetu bado wanasema walijua mchungaji anakuja kwa kusikia injini ikilalamika kabla hawajaona taa.

Ubavuni mwa tangi kulikuwa na picha ya jogoo. Wazungu walichora jogoo kwa sababu “bantam” ni aina ya kuku wadogo wenye ubishi. Kwetu ilileta shida nyingine. Ulipofika uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1992, kuna vijana waliomwambia Baba auparue huo mchoro kwa sababu ni jogoo wa KANU. Baba aliwajibu kwamba jogoo wake ni wa Petro. (Wewe unayesoma Biblia umeshaanza kuona ninakoelekea. Mimi sikuona kwa miaka mingi.)

Wakati huo ilikuwa imeshazima. Spea zilikosekana katika miaka ya 1980, Baba akaiegemeza chini ya mwembe, akaifunika kwa turubai. Kila Jumamosi aliifunua, akaipangusa vumbi, akaifunika tena.

Mwaka 1998 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitaka kwenda Nairobi. Baba alikuwa ng'ambo ya Athi, kwenye mkutano wa injili Mutomo, wiki nzima. Akapita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na pikapu yake. Alinipa shilingi 900. Nilimsaidia kuipakia kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba aliporudi nikasema tumeibiwa usiku.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo penye uzito. Nyumbani palikuwa na kijana aliyetuchungia mbuzi, yatima kutoka upande wa Ikutha, mdogo wangu kwa miaka miwili hivi. Alilala jikoni, karibu na ule mwembe. Hakuna aliyempiga, namshukuru Mungu. Lakini watu walimtazama yeye. Mwaitu alimlipa mshahara wa mwezi, akamwambia aende kwao. Aliondoka na nguo zake ndani ya karatasi ya plastiki. Mimi nilikuwa nimesimama langoni. Aliniambia kwaheri.

Baba alimwombea mwizi. Kila Jumatano kwenye maombi alisema, Bwana, popote alipo, mpe wokovu. Nami nikasema Amina pamoja na wengine. Na Mungu alijibu, maana mwaka 2001 mwizi aliokoka, akaenda chuo cha Biblia, akawa mchungaji. Nimemhubiri Zakayo mara nyingi, mpendwa. Kila mara nilikaa sana juu ya mkuyu, nikaeleza urefu wa Zakayo mpaka kanisa likacheka, na nilipofika pale anaposema atarudisha mara nne, muda wangu ulikuwa umekwisha.

Miaka miwili iliyopita Baba alipoteza macho kwa sababu ya presha ya macho. Akaanza kuizungumzia ile pikipiki. Nikajiambia, nitamtengenezea nyingine aishike.

Kuchonga najua kidogo. Nikiwa mtoto nilipelekwa likizo kwa mjomba karibu na Wamunyu, na huko mtoto hujifunza tezo kabla ya kalamu. Watu wa huko hukueleza habari za Mutisya Munge, ambaye Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka Tanganyika, akaona wachongaji wa huko wakifanya kazi, akarudi na ufundi huo uliokuja kulisha maelfu ya nyumba za Wakamba. Basi nilitoa tezo, patasi na msasa.

Nilikuwa na picha moja tu, Baba amesimama kando ya pikipiki mbele ya kanisa. Nilipima gurudumu kwenye picha kwa rula, nikajua rimu zake zilikuwa za inchi 19, na kutoka hapo nikapiga hesabu ya kila kitu kwa kipimo cha robo. Tangi, kiti na madigadi nilichonga kwa mukau, mti wetu wa ukame ambao mchwa hauupendi. Spoki nilizipata kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli, uzi mmoja mmoja. Mapezi ya silinda ni sufuria iliyotoboka. Nilikata visahani vyembamba, nikavipanga na kuacha nafasi katikati kwa vipande vya njiti. Visahani kumi vya kwanza nilivitupa. Tairi ni mpira wa tyubu. Rangi ile ya kijani iliyopauka nilichanganya mara saba, mke wangu akaniambia nimeanza kupenda sanamu kama Waisraeli jangwani.

Nilijipa moyo kwa Bezaleli katika Kutoka 31, ambaye Mungu alimjaza Roho kwa ajili ya kazi ya mikono. Hilo ni neno la kweli. Lakini hata neno la kweli mtu anaweza kujificha nyuma yake. Niliunda miezi kumi na minne. Nilipobakiza jogoo peke yake, niliiweka pikipiki juu ya kabati karibu mwezi mzima. Kisha nikamchonga, ametokeza kidogo juu ya tangi ili vidole vimpate.

Nilimpelekea Baba mwezi uliopita. Akaipakata. Alipita kwenye usukani, akashuka kwenye tangi, akampata jogoo, akatabasamu. Halafu vidole vikafika chini.

“Gia iko wapi?”

“Hiyo hapo, Baba, kushoto.”

“Hiyo ni breki. Gia ilikuwa kulia.”

Picha yangu, unaona, ilionyesha ubavu wa kushoto tu. Niliona kikanyagio nikadhani ni gia, kama ilivyo kwenye boda boda zote. Nimesoma baadaye kwamba Bantam yenyewe ilikuwa nakala. Mchoro ulikuwa wa Wajerumani wa DKW, ukachukuliwa kama fidia baada ya vita, na Waingereza wakaugeuza kama mtu anavyojiona kwenye kioo, ili gia ikae kulia walikozoea. Wamarekani, Warusi na hata Yamaha nao walitoa zao kutoka mchoro uo huo. Na hata sasa unaona ninavyozunguka. Nakueleza habari za gia.

Nilimwambia, “Baba, aliyeiuza ni mimi.”

Hakuondoa mikono kwenye pikipiki. Mbuzi walikuwa wanalia zizini. Nikaanza kumweleza jinsi nilivyoitengeneza, spoki, mapezi, ile rangi.

Akanikatiza. “Yule kijana, umemwambia?”

“Baba, nimetumia zaidi ya mwaka mzima…”

“Nimekuuliza habari za kijana. Pikipiki ilikuwa imekufa. Yule mtoto alikuwa hai.”

Akanirudishia mikononi.

Nilimtafuta kupitia wachungaji wa Ikutha. Ana familia, yuko Mtito Andei, na riziki yake ni boda boda. Nilipompigia simu nikasema yote kwa pumzi moja. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama mama yangu bado yuko hai. Nikamwambia alilala katika Bwana mwaka 2016.

“Basi yeye hatajua,” akasema. Baada ya muda akaongeza, “Njoo.”

Nimepiga hesabu ya Zakayo. Shilingi 900 mara nne ni 3,600. Hiyo ni hesabu ya chuma. Ya jina la mtu sijui naanzia wapi. Nimenunua mbuzi, na nimeomba wazee wa kanisa la nyumbani wanipe dakika kumi Jumapili ijayo, nisimame palepale Baba alipotangaza wizi, nimtaje mwizi. Wazee wa kanisa langu hapa Kitui nao nimewaambia. Watakaloamua juu yangu nitalipokea.

Kesho alfajiri nashika barabara ya Mutomo kushukia Kibwezi. Gia mpya nimeshaichonga, ina ukubwa wa njiti ya kiberiti. Iko hapa mezani, sijaigundisha. Niombee. Na yeye mwombee, kwa maana hajasema kwamba amenisamehe.