Nilimfundisha Kuandika Deni Lisilo Lake

Maneno yaliyomfilisi mama yangu mdogo niliyaandaa mimi. Niliyaandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi kubwa zilizoachana, ili aweze kuyanakili kwa kalamu ya wino chini ya mkataba: kwamba anamdhamini jirani yake hadi kiasi cha dola elfu tatu, kwa maneno na kwa tarakimu, deni lenyewe pamoja na yote yanayoambatana nalo. Alinakili vizuri. Hakuruka hata herufi moja. Yalikuwa maneno ya Kifaransa, lugha asiyoijua, na mimi niliyekaa kando yake nilijua uzito wa kila neno.

Wakati huo nilikuwa Lubumbashi katika masomo ya uzamili, yale ambayo wengi kwetu bado wanayaita DES, nikisomea sheria ya benki. Tasnifu yangu ilihusu usimamizi wa Benki Kuu ya Congo juu ya taasisi za mikopo. Niliweza kueleza kwa nini Sheria namba 003/2002 ya tarehe 2 Februari 2002 ilikuwa imechakaa, na ile namba 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022 ilileta nini kipya. Nilizungumzia sana mwaka 2016, pale benki ya BIAC ilipoishiwa fedha na wateja wakawekewa kikomo cha kutoa pesa zao wenyewe. Niliandika kurasa nyingi juu ya kumlinda mwenye amana. Mdhamini sikumgusa. Nilimwona mtu wa pembeni, sura ya mwisho ya kitabu, swali la mtihani ambalo kila mtu hulipata.

Nyumbani ni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita tisini na kitu kutoka Lubumbashi. Asiyepafahamu afikirie foleni ya malori yenye shaba na kobalti yanayosubiri kuvuka, na upande wa pili malori yanayoingia na unga wa mahindi na karibu kila kitu tunachokula. Pesa tatu zinatembea kwa wakati mmoja: dola, franka ya Congo na kwacha ya Zambia, na wakambisti, yaani wabadilisha fedha, wamekaa na mabunda yao wazi mezani. Wenye akaunti ya benki ni wachache. Watu wanaweka kwa likelemba, wanachanga na kupokea kwa zamu, na likelemba isipotosha wanakwenda kwa Banque Lambert. Hilo siyo jina la benki, ni jina tunalompa mtu binafsi anayekopesha kwa riba ya kuumiza. Ndiyo maana taasisi ya mikopo midogo ilipofungua mlango karibu na soko, watu waliiona kama njia ya kutoka mikononi mwa Lambert. Hata mimi niliiona hivyo, na sijabadili mawazo kuhusu hilo. Mkopo wenye sheria ni bora kuliko mkopo usio na sheria.

Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara wa soda na bia kutoka Zambia. Alitaka kuongeza mzigo, na taasisi ikamwambia alete mdhamini mwenye mali. Mama mdogo alikuwa na kiwanja kando ya barabara ya Lubumbashi na matofali ya kuchoma aliyokuwa ameyapanga kwa miaka ya kuuza mboga na mafuta ya kula. Alikuwa na mali, basi.

Sasa niseme sheria inasemaje, kwa sababu bila hiyo kosa langu litaonekana dogo. Congo ni nchi ya 17 ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, na sheria hizo zinatumika kwetu tangu tarehe 12 Septemba 2012. Kabla ya hapo udhamini wetu ulifuata dekreti ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold II. Sheria ya Pamoja ya dhamana, iliyorekebishwa mjini Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ina kifungu cha 14. Kinasema udhamini haukisiwi. Lazima uwe na sahihi ya mdhamini na ya mkopeshaji, na mdhamini mwenyewe aandike kwa mkono wake kiasi cha juu kabisa anachokidhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Viwili hivyo vikitofautiana, maneno ndiyo yanayoshinda. Na kwa yule asiyejua au asiyeweza kuandika, sheria inataka mashahidi wawili, ambao watathibitisha ndani ya mkataba kwamba mdhamini ni yeye na kwamba alikuwepo, na kwamba ameelezwa huu ni mkataba wa namna gani na utamfikisha wapi.

Waliotunga kifungu hicho walijua wanachokifanya. Mtu anayelazimika kuandika kwa mkono wake «dola elfu tatu», neno kwa neno, anapata nafasi ya kusita. Mkono unakwenda polepole, na akili inaufuata. Anaweza kuinua kichwa na kuuliza: kwani nitalipa mimi? Sheria ilimwekea mama mdogo dakika hiyo moja. Mimi nikaichukua.

Ofisa wa mikopo aliuliza swali moja tu: «Mama anajua kuandika?» Nikajibu haraka kwamba anajua. Ni kweli, alisoma hadi mwaka wa nne wa shule ya msingi, anasoma Biblia ya Kiswahili na anaandika madeni ya wateja wake kwenye daftari. Lakini Kifaransa hajui. Kwa jibu langu la haraka nilimwondolea wale mashahidi wawili, na pamoja nao ule wajibu wa kuelezwa. Kifungu nilikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimekifanyia mtihani na kufaulu.

Aliniuliza yeye mwenyewe, kabla ya kushika kalamu: «Mwana, hii karatasi inasema nini?» Nikamwambia: «Ni mambo ya banki tu, mama. Ni formalité.» Akasema: «Basi sawa. Weye njo ulisoma.» Akaandika.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisimulia kisa hiki na kuishia hapo, kana kwamba kosa lilikuwa haraka. Haikuwa haraka. Yule jirani alikuwa ananibeba bure kwenye gari lake kila nilipokwenda Lubumbashi, na muhula mmoja alinikopesha sehemu ya ada ya chuo. Alipokosa mdhamini alinijia mimi kwanza, siyo mama mdogo. Mimi ndiye niliyemtajia jina lake. Nilijua kwamba nikimweleza mama mdogo vizuri angekataa, na akikataa nitakuwa nimemwangusha mtu aliyenisaidia. Kwa hiyo nilinyamaza kwa makusudi, nikauvisha unyamavu huo neno la Kifaransa. Katika darasa la maadili ya kazi tulifundishwa kwamba mtu mwenye maslahi hawezi kuwa mshauri. Nilijiambia kwamba hilo linawahusu mawakili wenye ofisi, na mimi bado nilikuwa mwanafunzi.

Nilikuwa najua pia kifungu cha 20, kwamba udhamini huhesabiwa kuwa wa kubeba deni lote pamoja na mdaiwa, isipokuwa sheria ya nchi au mkataba wenyewe useme vingine. Maana yake ni kwamba mdaiwa akishadaiwa rasmi na akashindwa, mkopeshaji anaweza kwenda moja kwa moja kwa mdhamini, bila kwanza kumaliza mali ya mdaiwa. Mkataba ule haukusema vingine. Ningeweza kuomba uandikwe kuwa udhamini wa kawaida, ambao unampa mdhamini haki ya kusema: anzeni na mali yake. Ni sentensi moja. Labda taasisi ingekataa, lakini sikuomba.

Kisha ikaja Agosti 2024. Serikali ya Congo ilikuwa imezuia kuingiza bia na vinywaji baridi, wasafirishaji wakaandamana Kasumbalesa, na Zambia ikafunga kwa muda vituo vyake vya mpakani vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Vilifunguliwa baada ya siku chache, lakini zuio la vinywaji lilibaki. Mzigo ambao jirani alikuwa ameshaulipia ulikwama ng'ambo, Chililabombwe. Marejesho ya kwanza yakachelewa, ya pili hayakuja, na kabla ya mwisho wa mwaka alikuwa amehamia Kolwezi na simu yake haipatikani. Simlaumu kwa mpaka kufungwa. Biashara yake ilikuwa halali siku aliyokopa.

Barua ikaja kwa mama mdogo, kwa Kifaransa. Akaiweka anisubiri nifike niisome. Mimi nilikuwa Lubumbashi najiandaa kutetea tasnifu yangu juu ya kuwalinda wateja wa benki, na nilimwambia kwa simu asiwe na wasiwasi, nitaiona nikija. Nilipofika, kulikuwa na barua ya pili, ya mwanasheria wa taasisi.

Nikaanza kutafuta kasoro. Kiasi kwa maneno kipo, kwa tarakimu kipo, mkono ni wake, sahihi mbili zipo, tarehe ipo. Nimesoma baadhi ya hukumu za Mahakama ya Pamoja ya Haki na Usuluhishi iliyoko Abidjan, ambako kesi za sheria hizi huishia, na najua jinsi udhamini unavyoweza kuanguka kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana. Hapa hakuna mstari uliokosekana. Karatasi ilikuwa safi kwa sababu mimi ndiye niliyehakikisha ni safi. Elimu niliyoipata kwa pesa za watu, zikiwemo za mama mdogo mwenyewe, ilimtumikia mkopeshaji siku ile.

Jambo moja tu lilisaidia. Kifungu cha 25 kinamtaka mkopeshaji, ndani ya mwezi mmoja baada ya kila nusu mwaka, ampelekee mdhamini taarifa ya hali ya deni, na asipofanya hivyo anapoteza kwa mdhamini riba ya kipindi hicho. Taarifa ya nusu ya kwanza ya mwaka haikutumwa. Nilikwenda na hoja hiyo kwa taasisi, tukazungumza, wakaondoa riba. Deni lenyewe likabaki. Mama mdogo aliuza kiwanja pamoja na matofali, kwa bei ya mtu ambaye kila mnunuzi anajua ana haraka.

Nilimweleza ukweli wote baada ya kiwanja kuuzwa, ikiwemo habari ya gari na ada. Nilipaswa kumweleza mapema. Hakupiga kelele. Alisema: «Kama ulinielezea, ningemupa hata dola mia ya zawadi. Lakini kuandika, hapana.» Hapo nikaona kwamba alikuwa na busara kamili ya fedha, anajua kiasi anachoweza kumpa jirani na asichoweza. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kinachoombwa. Sasa namrudishia kidogo kidogo kila mwezi. Kiwanja kina mwenyewe mwingine.

Ninawaomba wenzangu tuliosoma sheria Lubumbashi, na maofisa wa mikopo wa mpakani, tusome mkataba wa udhamini kwa sauti, kwa Kiswahili au Kibemba, kabla ya kalamu kutoka mfukoni, kisha tumwombe mdhamini aturudishie kwa maneno yake: nani atalipa, kiasi gani, na wataanza kwa nani. Akishindwa kujibu, asiandike, hata kama anajua kusoma na kuandika. Sheria hailazimishi mashahidi kwa mtu anayejua kuandika, lakini haikatazi kuwaleta.

Na wewe unayeombwa kumdhamini mtu, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Omba nakala, ipeleke kwa mtu anayejua Kifaransa na ambaye hapati chochote katika mkopo huo. Muulize hilo waziwazi, hata kama ni mtoto uliyemlea mwenyewe. Mimi nilikuwa napata, na mama mdogo hakuniuliza.