Shahada ya Marekani, Ndio Kazi Gani?

Nilisomea utamaduni na jamii ya Marekani. Mjomba wangu, aliyeuza ng'ombe wawili ili nilipe ada, aliniuliza: "Sasa hiyo ndio kazi gani?" Swali la haki kabisa.

Wengi hudhani ni shahada ya filamu na muziki, yaani kwenda kujifunza kuisifu Marekani. Sisi tulisoma kwa kulinganisha. Azimio la Uhuru la 1776 lilisema watu wote wameumbwa sawa. Mwandishi wake mkuu, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Kando yake tukaweka hotuba ya Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838. Tarehe 5 Julai 1852, mjini Rochester, aliwauliza wasikilizaji wake sikukuu yao ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa.

Swali hilo ndilo ninaloingia nalo kazini. Nikitumwa kuripoti sherehe ya kitaifa, kwanza nawatafuta waliobaki nje ya uzio. Mhariri akikata maneno yao eti nafasi haitoshi, msomaji wa kesho ataamini kila mtu alikuwa anashangilia.